Kunja Karatasi Mara Moja

Hii ni hotuba niliyoitoa jioni mbele ya wahandisi vijana na wanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Dar es Salaam. Mvua na foleni viliwazuia wengi kufika, nao wameniomba niiweke yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa nzuri hata siku ile.

Mwenyekiti wa kikao, wahandisi wenzangu, vijana wangu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na foleni. Naona wapo waliotoka Mbezi saa tisa na ndio kwanza wanatafuta kiti. Kaeni popote, tusikilizane.

Kabla sijasema lolote, kila mmoja achukue karatasi moja ya A4 pale mezani. Ikunje katikati mara moja. Moja tu, dada yangu pale nyuma, usitengeneze ndege. Mmekunja? Haya, iwekeni juu ya paja mtazame. Urefu wake ni milimita 210, upana 148.

Hapo pajani pako, ndugu yangu, ndipo tairi la lori linapokanyaga. Tani mbili. Tairi moja la nyuma lenye kilonyutoni 20, yaani hizo tani mbili, na upepo wa megapaskali 0.7 linaigusa lami kwenye eneo la kama milimita 204 kwa 140. Karatasi yako ni kubwa kidogo. Lile semi la matairi 22 unalolipisha njia pale Buguruni, na kontena lake, na dereva, na tingo aliyelala, lote linasimama juu ya karatasi 22 za namna hiyo.

Mmeliona? Basi nusu ya hotuba imekwisha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuingiza mzigo wa matairi kwenye programu za kuchambua barabara kwa njia ya elementi, zile zinazoikata lami, kokoto na udongo vipande vidogo vidogo, kisha zikakokotoa kila kipande kinavyobanwa na kinavyovutwa. Wengine mnatumia Abaqus, wengine ANSYS, wengine EverFE kwa barabara za zege. Sina ugomvi na programu ya mtu. Ugomvi wangu ni na kisanduku kimoja tu kilichomo katika zote.

Programu haijawahi kuliona lori. Inalijua lori kwa maneno yako wewe. Ukiiambia tani mbili, inaamini. Ukiiambia tani ishirini, inaamini pia, haikuulizi kama una akili timamu. Nami nimeona vijana wakikaa wiki tatu maabara na sampuli za udongo, wakigombana juu ya tabaka la kokoto, halafu kisanduku cha mzigo wa tairi wanakijaza kwa dakika mbili. Au, programu ikija na namba yake tayari, wanaiacha hivyo hivyo.

Namba iliyomo humo ni ya nani? Aliyeitengeneza programu alikuwa na lori lake kichwani. Mfaransa amezoea ekseli ya kilonyutoni 130, kwa hiyo jozi yake ya matairi inabeba 65. Mwaustralia anaanza na kilonyutoni 20 kwa tairi na presha ya kilopaskali 750. Sisi mwongozo wetu wa usanifu wa mwaka 1999 unahesabu kwa ekseli ya kilo 8,160, yaani kilonyutoni 80, matairi manne, 20 kila moja. Sasa kijana anafungua programu ya Ulaya, anaweka tabaka za Kibaha, anaacha lori la Lyon. Jibu litakalotoka ni la wapi?

Na hizo kilo 8,160 zenyewe tuelewane. Hicho ni kibaba. Muuza mchele Kariakoo anapima kwa kibaba, lakini si kila anayekuja anakula kibaba kimoja. Ekseli ya kilo 8,160 ni ya kuhesabia uharibifu, ili malori ya kila namna yageuzwe kuwa idadi moja. Desturi hiyo inatokana na majaribio makubwa ya Wamarekani kule Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, walipoyazungusha malori barabarani mpaka barabara zikafa. Ndipo tukapata kile kipeo cha nne, yaani uharibifu unakua kama uzito wa ekseli uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, ambacho katika ukanda wetu mara nyingi tunakiandika 4.5.

Kumbe lori halisi likoje? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inairuhusu ekseli ya matairi manne kubeba tani 10. Tani 10, si 8. Lori hilo linapita mizani ya Vigwaza kihalali kabisa, dereva anapiga mluzi. Gawanya 10,000 kwa 8,160, pandisha kwa 4.5, utapata 2.5. Ekseli halali moja ni vibaba viwili na nusu. Ikizidisha mpaka tani 12, inafika 5.7. Kwa hiyo kabla hujagusa kibodi jiulize: nahesabu vibaba, au nataka kujua lori lenyewe linafanya nini likiwa limesimama pale? Kama ni vibaba, weka 20. Kama ni lori lenyewe, weka lori lenyewe. Ukichanganya hayo mawili hutakuwa na jibu la swali lolote.

Sasa niwaambie aliyenifundisha habari ya presha.

Miaka ile nilikuwa na modeli niliyojivunia sana. Barabara ya malori ndani ya kompyuta, tabaka nne, na wavu safi, yaani vile vipande vidogo vilivyokatwa vizuri. Presha ya tairi niliweka megapaskali 0.52, yaani psi 75, kwa sababu vitabu vyangu vya zamani vilisema hivyo. Siku moja gari langu dogo likapata pancha kwenye Barabara ya Mandela. Nikajikuta nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kijana wa pancha anahangaika na tairi langu, na pembeni semi limepaki linasubiri zamu.

Nikamuuliza, "Haya makubwa unayajaza upepo kiasi gani?"

"Inategemea na mzigo, mzee. La kontena, mia na ishirini. Likiwa la safari ndefu, dereva mwenyewe anakwambia ongeza."

"Na sabini na tano?"

Akaacha kazi, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Sabini na tano? Hilo mzee hukulileta kujaza upepo. Hilo umelileta kwa ajili ya pancha."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, lakini nilipofika nyumbani sikuwa nacheka. Modeli yangu nzima ilikuwa inatembea na pancha! Nikakaa na karatasi na kanuni ya zamani ya Boussinesq, ile ya 1885 ya kukokotoa mzigo wa juu unavyobana udongo kila kina, ambayo mwanafunzi yeyote hapa anaimudu kwa kikokotoo cha simu. Mzigo ni uleule, kilonyutoni 20, duara moja. Mara ya kwanza upepo wa psi 75, mara ya pili 120, yaani megapaskali 0.83. Tufanye ni udongo wa aina moja tu, ili tuone umbo la jambo.

Kina cha sentimita tano: tairi la upepo mdogo linabana kwa 0.48. La upepo mwingi, 0.73. Nusu nzima zaidi!

Kina cha sentimita sitini: 0.025 na 0.026.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo penye mfupa wa jioni hii. Juu, tofauti ni nusu nzima. Chini, hakuna tofauti ya kuongelea. Upepo unaitesa lami, uzito unautesa udongo. Udongo wa chini haujui tairi lina upepo gani. Unajua tu kuna kitu kizito kimepita. Lami ya juu inajua kila kitu.

Kwa hiyo ukinijia na swali, "Mzee, nisumbuke na presha?" nitakujibu kwa swali. Unatafuta nini? Kama ni kubonyea kwa udongo wa chini, kasumbuke na mizani, upepo hauna neno. Kama ni ile mifereji miwili inayochimbika kwenye lami yenyewe, inayokamata maji na kukuvuta usukani usiku, basi nunua geji ya upepo kabla hujanunua leseni ya programu. Geji ni bei rahisi zaidi, na haina haja ya intaneti.

Kuna wanaosema presha ya tairi na presha inayofika barabarani si kitu kimoja. Kweli. Tairi lenye upepo mdogo, kuta zake zinasaidia kubeba, kwa hiyo linabana lami kuliko upepo wake. Lenye upepo mwingi ni kinyume chake. Kwa malori yetu, kuchukua kwamba ni sawa ni kukosea kwa upande wa usalama, nami ndivyo ninavyofanya bila haya.

Haya, mzigo tumeupata, presha tumeipata. Tunauwekaje?

Kuna kijana mmoja aliwahi kufanya mazoezi ya kazi ofisini nilipokuwa. Kijana mwerevu, sasa hivi ni bosi mahali. Alichukua kilonyutoni 20 akazitundika zote kwenye nodi moja. Nukta moja. Akapata mkazo, yaani kiasi lami inavyobanwa pale. Msimamizi wake akamwambia wavu wako ni mkubwa, ukate vipande vidogo zaidi. Akakata, mkazo ukapanda. Akakata tena, ukapanda tena. Siku ya tatu akaja kwangu macho mekundu: "Mzee, programu mbovu hii, kila nikiiboresha inaharibika."

Programu haikuwa mbovu. Chukua kijiti cha mshikaki ukichome kwenye sima ya ugali. Kinazama. Weka kiganja, sukuma kwa nguvu ileile. Hakizami. Sasa kijiti kikichongwa kikawa chembamba zaidi, na zaidi, na zaidi, kitafika wapi? Hakina mwisho. Nukta haina eneo, na mzigo usio na eneo una presha isiyo na kikomo. Kila alipoukata wavu, alikuwa anachonga kijiti. Ndiyo maana nimewapa karatasi! Tairi lina eneo. Umbo lake la kweli linakaribia mstatili wenye ncha za mviringo, upana ukiwa kama sehemu sita za kumi za urefu, na kwa kazi ya elementi tunaligeuza mstatili wa kawaida wenye eneo lilelile. Hapo ndipo 204 kwa 140 zilipotoka.

Halafu wavu wako uufuate mstatili huo. Hapa wengi wanaumia bila kujua. Una vipande vya milimita 50. Unachagua vipande vinne kwa vitatu: 200 kwa 150. Sawa, karibu. Lakini mkono ukiteleza ukachagua vitano kwa vitatu, kwa presha ileile ya 0.7, umeweka kilonyutoni 26 badala ya 20. Umeliongezea kila tairi zaidi ya kilo mia sita, na hakuna mizani atakayekukamata.

Yupo mmoja tu anayekamata. Niwaambie aliyenikamata mimi.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Kompyuta zilikuwa dhaifu, kwa hiyo tulikuwa tunakata modeli katikati: kama kushoto na kulia ni sawa, kokotoa upande mmoja tu. Mkato wangu ulipita katikati ya tairi. Nusu ya barabara, nusu ya tairi. Nami nikaweka kilonyutoni 20, kama kitabu kilivyosema. Ripoti ikasema lami iongezwe unene, na si kidogo. Ikachapwa, ikafungwa spairo, nakala tatu, jalada la bluu. Nikaipeleka kwa mzee aliyekuwa anatuongoza. Shikamoo, marahaba. Hakufungua hata ukurasa.

"Kijana, lori lako lina uzito gani?"

"Kilonyutoni ishirini kila tairi, mzee."

"Umejumlisha za chini?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu kama anamweleza mtoto: kila unachokiweka juu, sakafu ya modeli lazima ikirudishe. Jumlisha nguvu zote ambazo sakafu inasukuma kwenda juu. Nikarudi mezani, nikajumlisha. Ishirini. Nikarudi kwake mbio na furaha. "Mzee, ni ishirini kamili!"

"Na tairi lako liko zima?"

Hapo miguu ikaisha nguvu. Nusu tairi, ilitakiwa kumi. Nilikuwa nimemtwika nusu mtu mzigo wa mtu mzima, halafu nikashangaa kwa nini anapiga magoti. Nakala zile tatu nilizipeleka kuchanwa mwenyewe, nikalipia spairo mpya kutoka mfukoni.

Tangu siku hiyo siandiki nguvu kwenye modeli. Naandika presha juu ya eneo. Ukikata tairi nusu, presha inabaki ileile na mzigo unajigawa wenyewe. Kisha najumlisha za chini, kila mara, hata modeli ikiwa ya kuchezea. Vizio nimeviweka ukutani pale ofisini kwa kalamu nene: milimita, nyutoni, megapaskali. Kuna mtu aliwahi kuandika 700 akimaanisha kilopaskali, kwenye modeli ya milimita na nyutoni. Lori likaishusha lami mita kadhaa. Lilikuwa linaelekea kuzimu, si Morogoro.

Mpaka hapa tairi letu limesimama tu, linabana kwenda chini. Je, malori ya Dar yanasimama tu? Yanafunga breki. Yanakata kona. Yanapanda kilima cha taa kwa gia ya kwanza yakivuta. Nendeni kwenye taa yoyote ambapo malori ya bandarini yanapanga foleni, tazameni lami ya mita thelathini kabla ya mstari mweupe. Imesukumwa mbele, imefanya mikunjo kama shuka. Mbele kidogo, ambapo malori yaleyale yanatembea, lami ileile iko salama. Uzito uleule, upepo uleule, nini kimebadilika? Kwanza, mwendo. Lami ni kama gundi: ukiikanyaga haraka ni ngumu, ukikaa juu yake mchana wa Januari inalegea. Pili, breki. Tufanye breki inavuta asilimia 30 ya uzito: tairi la kilonyutoni 20 linaisukuma lami mbele kwa kilonyutoni 6, na hizo zote zinakaa juu juu, sentimita za mwanzo. Modeli yenye mzigo wa kwenda chini peke yake haiwezi kukuonyesha mikunjo ile, hata uikate vipande milioni.

Kwenye zege ni kitu kingine kabisa, na wale wa EverFE wanisikilize. Njia za mwendokasi ni za zege. Pale swali kubwa ni tairi liko wapi juu ya bamba: katikati, ukingoni, au kwenye pembe. Westergaard, mtaalamu wa hesabu za mabamba ya zege, alizitenganisha hali hizo tatu mwaka 1926, na bado ndizo zinazotupa kazi. Basi la mwendokasi linasimama kituoni palepale kila safari, mlango kwa mlango. Halizunguki. Kwa hiyo usiweke tairi katikati ya bamba eti kwa sababu picha inapendeza. Nenda kituoni na futi, pima kutoka ukingoni.

Mwisho kuna jambo ambalo vijana wanalipenda kuliko linavyostahili. Presha haiko sawa chini ya tairi lote. Morris de Beer na wenzake wa CSIR, taasisi ya utafiti kule Afrika Kusini, walilipima hilo kwa mtambo ambao tairi linapita juu yake likiendelea na safari. Waliona kwamba tairi lenye mzigo wake wa kawaida linabana zaidi katikati, lakini likizidishiwa mzigo, kingo ndizo zinazobana zaidi. Ni kazi nzuri mno, na kama unachunguza nyufa zinazoanzia juu ya lami, huwezi kuikwepa. Ila kama unasanifu barabara ya wilaya, mstatili wenye presha sawa unakutosha. Usiniletee kingo za tairi kwa desimali tatu wakati hujui hata ekseli ilibeba nini.

Naona mwenyekiti anaitazama saa. Nimalizie na tangazo.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, nitakuwa pale pale kwa kijana wa pancha wa Mandela. Amenikubalia, na dereva mmoja wa semi pia, kwa sharti la chai na chapati mbili. Tutalinyanyua tairi la nyuma kwa jeki, tulipake rangi ya maji, tuweke karatasi ngumu chini, tulishushe, tulinyanyue tena. Alama itakayobaki tutaipima kwa rula, tutasoma upepo kwa geji, na karatasi ya mizani dereva anayo. Kisha tutaupunguza upepo mpaka sabini na tano, tupige alama ya pili pembeni ya ile ya kwanza, tuone zinavyotofautiana. Kijana wa pancha tayari ameniuliza nani atalipia kuujaza tena. Nimemwambia ni mimi.

Waje watu kumi, si zaidi, nafasi ni finyu na malori hayana huruma. Vaeni viatu vya kufunika, na mje na zile karatasi zenu. Asanteni sana.